Maua Mengi Kuliko Mwaka Wowote

Mimi ndiye niliyewasha moto. Nasema hivyo kwa sababu huku kwetu Kansas watu wanamlaumu Verlin peke yake.

Lorene Sedlacek, mjane, aliishi jirani yangu na mdogo wake wa kiume, Verlin. Walikuwa na ekari themanini za nyasi zisizowahi kulimwa, na humo waliruka vipepeo wa kifalme: mabawa ya mbele rangi ya chungwa, ya nyuma meusi yenye madoa meupe. Lorene aliwahesabu kila kiangazi kwa miaka thelathini na mmoja.

"Hao wadudu wako watakupikia kahawa ukizeeka?" Verlin alimtania.

"Nimeshazeeka. Na kahawa yako ni matope."

Kila Aprili sote tunachoma nyasi kuukuu ili mpya zichipue. Lorene alichoma theluthi moja tu ya zake. Mwaka ule alivunjika nyonga, akalazwa mjini. Verlin akanijia.

"Analala pale anawaza nani atachoma. Twende tuzichome zote, akirudi afurahi."

"Zote? Si huwa anachoma kipande?"

"Kwa sababu hufanya peke yake na ndoo moja ya maji. Sisi wawili."

Upepo ulikuwa mzuri. Kufikia adhuhuri tulikuwa tumemaliza.

Lorene alirudi Mei, akitembelea fremu ya chuma. Maua madogo ya zambarau, chakula pekee cha viwavi wa vipepeo wake, yalikuwa yametanda kila mahali.

"Haya, dada! Umewahi kuona?" Verlin alisema, uso umemchanua.

"Mlibakiza wapi?"

"Hatukubakiza. Tumekusafishia zote."

Vidole vya Lorene viliibana ile fremu. "Yamependeza, Verlin. Asante."

Verlin alipoingia ndani, Lorene aliinama kwa maumivu, akageuza majani moja moja. Hakuna lililotafunwa.

"Viwavi hutotolewa vuli, wembamba kama uzi," aliniambia polepole. "Hawali kitu. Wanalala chini ya nyasi kavu majira yote ya theluji, wakisubiri maua haya." Akanitazama. "Usimwambie."

Juni yote Verlin alimwekea kiti kando ya uzio.

"Bado?"

"Bado."

"Baridi imewachelewesha."

"Labda."

Mwishoni mwa Julai Verlin alikuja kwangu, kofia mkononi. "Niambie ukweli. Aprili walikuwa wapi?"

Nilimwambia. Alikaa kwenye ngazi yangu, akajifunika uso. "Na ameniambia asante," alisema. "Kila asubuhi namuuliza, jamani. Kila asubuhi!"

Sijui walisemezana nini jioni ile. Septemba, majike wanapotaga, Verlin alizunguka barabara zote za wilaya akitafuta hata mmoja. Kulikuwa na mahindi tu, na malisho yaliyochomwa yote.

Lorene alifariki Februari. Tangu hapo Verlin hataki moto karibu na nyasi zile, na mierezi imeanza kuota katikati yake, mingine imenifika kiunoni. Nilimwambia zisipochomwa zitakuwa msitu, na maua yenyewe yatakufa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.