Mkubwa Hupona Kwanza

Msumari na mdogo wake Sponji walikuwa mafundi makochi. Karakana moja, baba mmoja, mama mmoja, na homa ya ini moja, ile sugu ya aina ya B, waliyoipata kwa mama yao, kila mmoja siku alipozaliwa. Walichomwa sindano zilezile kila wiki, za kuamsha kinga ya mwili, wakatetemeka kwa baridi ileile, kila mtu kwenye kochi lake ambalo halijavikwa kitambaa.

Sindano zilipokwisha, daktari akawaita. Kirusi cha Sponji kilikuwa kimenywea hata mashine haikioni. Cha Msumari kilikuwa kimenona.

"Dada daktari, umegeuza majibu," Msumari akasema. "Mkubwa ni mimi."

"Sijageuza, kaka. Kirusi hakijui mkubwa."

"Kijue! Mimi nimeota meno kwanza, nimeoa kwanza, nimeota upara kwanza. Leo huyu niliyemfuta kamasi ndiye apone kwanza?"

Daktari akaitafuta lugha ya karakana. "Mmetoka kwenye majora mawili yaleyale, la mama na la baba. Lakini kila kochi lilikatiwa vipande vyake. Vipande alivyorithi mdogo wako inaelekea vinaisaidia sindano. Vyako vinaikaidi. Si kosa la mtu. Kwako tutatumia vidonge, kimoja kila siku, pengine maisha yote. Vyenyewe vinakikaba kirusi moja kwa moja. Ila usichelewe, ini limeanza kuota makovu."

"Nitameza," akasema Msumari, akiinuka. "Huyu akishaugua tena."

Na kweli hakumeza. Kopo likakaa juu ya cherehani, halijafunguliwa. Sponji alibembeleza mpaka midomo ikamkauka. Akajaribu hata kuugua: akatembea amejikunja, akakohoa mbele ya wateja.

"Homa ya ini haikohozi, mjinga wewe," kaka yake akamwambia. "Hata kuugua hujui, halafu unajua kupona!"

Macho ya Msumari yalipoanza kuwa ya manjano, Sponji alishikwa na hofu, akamwita shangazi yao. Mama huyo aliketi kwenye kochi lenye springi wazi, akasikiliza shauri lote bila kujikuna.

"Kwa hiyo uko radhi kufa," akamwambia Msumari, "ila hauko radhi kupona wa pili?"

"Utaratibu ni utaratibu, shangazi."

"Sawa. Basi ukubwa nauhamisha. Kuanzia sasa mkubwa ni Sponji."

"Shangazi!" Sponji akaruka. "Haiwezekani, yeye alizaliwa..."

"Subiri, sijamaliza na mdogo wako."

Msumari alikuwa amefungua kinywa alete ubishi. Akakifunga. Akafikiri, nyundo mkononi.

"Binamu wakigombana, wataenda kwake?"

"Kwake."

"Misiba, posa, wageni wasioaga?"

"Vyote vyake."

"Na mke wangu akininunia?"

"Atakushtaki kwa kaka yako."

Msumari akaweka nyundo chini. Akafungua kopo, akatupia kidonge kinywani, akakimeza bila maji. Kisha akajilaza kwenye kochi la mteja, viatu juu ya kitambaa kipya, kama mtu aliyetuliwa gunia la mawe.

Hazikupita dakika, binamu wawili wakaingia wakishikana mashati kwa ajili ya ukuta wa choo. Msumari akawaonyesha kwa kidevu. "Kaka yule pale."

Asubuhi iliyofuata Sponji alimpelekea kidonge na maji. Hakuwa amelala, shauri la ukuta lilikuwa limezaa shauri la mlango, na shemeji yake alikuwa nje, amenuna, anasubiri zamu. Msumari akameza, akatoa ulimi wote uonekane mtupu.

"Shikamoo, kaka," akasema, macho yanang'aa kwa adabu.

Sponji alimtazama yule mzee mwenye upara. Akautazama mlango.

"Marahaba," akajibu. "Na kesho umeze tena, mdogo wangu. Ole wako ufe uniachie watu hawa."