Mafunzo Hayahesabiki

Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kaka yake, pini mdomoni, futi ya kitambaa mkononi, akimpima kiuno. Kambini walikuwa wametoa sare mpya, na wanafunzi wa urubani wakaambiwa kila mmoja akairekebishe kwao. Alipima kiuno, akapima paja, akamwambia ainue mikono, akapima kifua. Kisha akatoa pini mdomoni, akazichoma moja moja kwenye sponji iliyokuwa pembeni ya cherehani.

“Vilevile,” akasema. “Mwaka wa nne huu hujaongezeka hata upana wa uzi.”

“Tunakimbia sana kule.”

“Anayekimbia hupungua, pacha. Wewe na kupungua hujapungua.”

Mama yao alikuwa chumbani, mlango wazi, miguu yake inayovimba ameilaza juu ya mito. Akasema kutoka huko kwamba hilo ni jambo zuri, maana vitambaa vimepanda bei.

Walikuwa pacha. Kaka ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na tangu utotoni alijiita mkubwa, ingawa ukubwa wenyewe ulikuwa ni wa muda wa mkunga kunawa mikono. Mtaa ulianza kumwita Rubani asubuhi ileile alipobeba begi kwenda jeshini, kabla hajaiona ndege kwa karibu. Dada yake aliendelea kuwa Fundi, kwa sababu ya cherehani iliyokaa mlangoni.

Walikuwa wamepatana mapema, usiku mmoja wakila. Mama hakuweza kuachwa peke yake, kwa hiyo wangekwenda kwa zamu. Rubani angetangulia, kwa kuwa jeshi lilikuwa limemwita na jeshi haliiti mara mbili. Angelitumikia miaka kumi, kama alivyoahidi mbele ya ofisa, halafu angerudi kukaa na Mama, na Fundi angekwenda chuo cha wakunga. Chuo kilipokea mtu yeyote ambaye hajafikisha arobaini. Waliondoka meza ya chakula wakiwa na miaka ishirini kila mmoja, na hawakuona cha kuwaharakisha.

Siku ya kutembelea wanafunzi, Fundi alipeleka ile sare mwenyewe. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda kujua jambo lake limefika wapi, alipita ofisini kwa karani wa kambi, akamwamkia, akamwambia kwamba kaka yake amebakiza miaka sita.

Karani alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Akamkaribisha kiti.

“Amebakiza kumi, dada yangu.”

“Kumi ni alipoingia. Sasa hivi ameshakaa minne.”

“Kumi inaanza siku anayovishwa mabawa. Kabla ya mabawa ni mafunzo. Na mafunzo hayahesabiki.”

“Hayahesabiki na nani?”

“Hayahesabiki tu,” akasema karani, bila ubaya wowote. “Ndiyo utaratibu. Kwani kwenu hamjaona? Hawa vijana kucha zao tu ungeziangalia.”

Hapo Fundi akazielewa zile suruali zisizobadilika kipimo.

Alipotoka nje aliangalia kambi kwa jicho jingine. Kinyozi wa kambi alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda chake, mashine ya kunyolea imefunikwa taulo, akisoma gazeti. Alimweleza kwamba analipwa kila mwezi na hajanyoa kichwa cha mwanafunzi tangu aajiriwe. Huwanyoa walimu tu. Uwanjani, ndege moja ya mafunzo ilikuwa imefunikwa turubai ikisubiri kipuri. Kando yake wanafunzi walikuwa wamepanga viti vya plastiki viwili viwili, wa mbele rubani, wa nyuma mwalimu, na kila mmoja alishika fimbo na kunguruma kwa mdomo. Rubani alikuwa kwenye kiti cha tatu. Aliposhika kona alilalia upande, na kiti hakikuanguka.

“Umerusha vizuri,” Fundi alimwambia baadaye.

“Leo kulikuwa na upepo,” akasema Rubani.

Kipuri hakikuja mwaka ule wala uliofuata. Kilipokuja kilikuwa cha ndege nyingine, kikarudishwa. Halafu mwalimu mmoja akastaafu na mwingine akahamishwa. Wanafunzi waliingia mkumbo baada ya mkumbo, viti vikaongezwa, na walioingia mwanzo walijulikana kwa nywele zao, maana waliingia wakiwa wamenyolewa kwa mtindo ambao mitaani ulishasahaulika.

Nyumbani mambo yalikwenda vizuri. Fundi alipata kazi ya kushona sare za shule mbili, akaongeza cherehani ya pili na msichana wa kuishonea. Akanenepa kidogo, akaanza kushika sindano mbali na macho ili aone tundu. Mama aliendelea na miguu yake. Likizo ya Rubani ilikuwa sikukuu ya nyumba nzima: alimbeba Mama mgongoni hadi uani kuota jua, akambebea na kiti, halafu akakaa miguuni pake akimkanda. Majirani walimwuliza Fundi kule jeshini wanatumia sabuni gani. Mwanamke mmoja akamwomba, kama si usumbufu, amletee hata kipande.

Kwenye basi, kondakta alimwangalia Fundi, akamwangalia na Rubani, akasema, “Mama, na huyu mwanao mnalipia nauli pamoja?”

“Pamoja,” akasema Fundi. Rubani akacheka hadi wakateremka.

Lakini likizo iliyofuata alipofika mlangoni na begi lake, na Fundi akainua uso kutoka kwenye cherehani, miwani puani, Rubani alisema, “Shikamoo.”

“Marahaba,” akajibu Fundi.

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amekusudia. Ilimtoka mmoja kama inavyomtoka mtu yeyote mwenye adabu, na ikaitikiwa na mwingine kama inavyoitikiwa. Mama akauliza kutoka chumbani ni mgeni gani huyo.

Jioni ile, wakiosha vyombo, Rubani alisema anataka kuacha.

“Zamu yako inapita, pacha. Una thelathini na tatu. Hata wakinivisha mabawa kesho, nikimaliza kumi utakuwa umeshapita arobaini. Niache sasa, nirudi, wewe uende.”

Fundi alifuta sahani pande zote mbili kabla hajajibu. Wote wawili walimfahamu Mrefu, kijana wa mkumbo uliomfuata Rubani, aliyeacha. Alipita getini akiwa na miaka ishirini. Kutoka getini hadi dukani ng'ambo ya barabara, miaka yote ambayo haikuhesabiwa ilimrudia. Alipofika kaunta ndevu zilikuwa zimefika kifuani na viatu vinambana, akaomba soda, akatoa sarafu ambayo haitumiki tena. Mwenye duka alimpa soda akamwambia akae, maana wanaotoka kule huwa hawalipi. Sasa Mrefu alikuwa akiuza vocha karibu na hapohapo, na ukimwuliza habari ya kurusha ndege husema viti alirusha vingi.

“Ukiacha utapata mvi zako zote mara moja,” akasema Fundi, “na angani hujafika. Halafu mimi nitakaa chuoni nikijua nimekuondoa kwenye kiti kwa faida ya nani? Tutakuwa wawili, hakuna aliyeruka. Rudi. Kaa mbele, wakuone.”

“Na wewe?”

“Mimi napima watu kila siku. Huwa nangoja wamalize kuvuta tumbo.”

Akarudi. Mwaka uliofuata kipuri kikaja, cha ndege yenyewe. Wanafunzi walipelekwa angani kwa kufuatana na viti vyao, na kwa kuwa walikuwa wamekaa muda mrefu kwenye plastiki, wote waliijua kazi. Mwalimu mpya alisema hajawahi kuona watu wanaoingia ndegeni mara ya kwanza wakilalamika kwamba kiti ni laini.

Siku ya kuvishwa mabawa, Fundi alimvalisha Mama gauni alilomshonea, wakachukua teksi hadi kambini. Mkuu alipita mstarini akichoma beji vifuani. Ilipofika zamu ya Rubani, pini ilifungwa kwa mlio mdogo, na papo hapo akapiga chafya, tumbo likamnguruma, na kivuli cha sharubu kikaanza juu ya mdomo. Muda wake ulikuwa umeanza. Nyuma ya jukwaa kinyozi alikuwa ameshatoa taulo kwenye mashine.

Baada ya soda, karani aliwajia na ufunguo. Rubani mwenye mabawa hupewa nyumba kambini, alieleza, vyumba viwili na bafu la ndani, na mzazi anaruhusiwa. Hospitali ya kambi iko hatua chache. Hilo hawakuwa wameambiwa tangu mwanzo, kwa sababu hawakuwa wameuliza.

Mama aliushika ufunguo, akaupima uzito mkononi.

“Basi mimi nakaa na mwanajeshi wangu,” akasema. “Akienda kuruka, kuna hao wauguzi wa kambi wa kunipigia soga. Wewe nenda. Umekaa mlangoni vya kutosha.”

“Nina thelathini na nne, Mama.”

“Sijakuuliza miaka, mimi ndiye niliyekuzaa. Nenda.”

Chuo cha wakunga kilikuwa na ofisi ya rangi ya kijani, na karani wake alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Alimsomea Fundi masharti polepole. Akimaliza, atatumikia wizara miaka mitano, popote atakapopelekwa. Miaka hiyo itaanza siku atakayopewa cheti.

“Na mafunzo ni muda gani?”

“Yalitakiwa yawe miwili. Lakini wodi ya mazoezi haijaezekwa. Tunangoja mabati.”

“Na mafunzo hayahesabiki.”

“Hayahesabiki,” akasema karani. “Naona umeshaelewa. Wengine inabidi tuwaeleze mara mbili.”

Fundi aliomba radhi, akampigia kaka yake simu palepale. Yeye Rubani aliipokea habari ya mabati kwa furaha, akasema kama wakichelewa vya kutosha atamfikia umri, wawe pacha tena.

“Basi ombea wasiezeke,” Fundi alimwambia, akasikia Mama akicheka kwa nyuma.

Karani akamsogezea kalamu. Fundi aliishika, kisha akaiweka chini, akagusa shavu.

“Kuna jino linaniuma tangu juzi. Nikitia saini nalo, itakuwaje?”

“Usithubutu! Kuna mmoja aliingia na mafua, mpaka leo anapenga. Nenda kaling'oe kwanza, zahanati ni hapo nyuma. Na uvimbe uishe kabisa ndipo urudi.”

Jino liling'olewa bila shida. Fundi akaenda kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi, pamba mdomoni, shavu limetuna. Pembeni yake alikuwepo msichana mwenye begi jipya, naye alikuwa akingoja kwikwi iishe. Walikuwa wamemshauri anywe maji akiwa ameinama, ameshakunywa jagi zima. Fundi alimwambia abane pumzi, ahesabu hadi atakapochoka. Msichana akabana, macho yakamtoka, akaachia. Wakangoja. Ua ulikuwa umefagiliwa, na kwenye wodi isiyo na paa wanafunzi walikuwa wakimzalisha mto, mmoja akilia kwa niaba ya mtoto.

Kwikwi haikurudi.

“Haya, wahi,” akasema Fundi kwa upande mmoja wa mdomo. “Mimi bado nimevimba.”