Vichekesho vya Kuwashia Moto

Mji wa Roma ulikuwa wa mbao na karatasi, umejengwa nyuma ya studio huko Hollywood, na asubuhi hiyo ulingoja kuchomwa. Lottie Kessler, aliyevalishwa matambara ya mkimbizi, alisimama na kundi la waliokodiwa kulia. Ndipo alipoona wafanyakazi wakimwaga filamu kuukuu chini ya kuta. Filamu za siku hizo ziliwaka kama baruti, na ghala lilijaa vichekesho vifupi ambavyo hakuna aliyevitaka tena.

Mkebe mmoja wa filamu ulikuwa na jina la Gus, marehemu mumewe. Gus aliyeporomoka kwenye mapipa ya unga, nchi nzima ikashika mbavu. Nakala nyingine haikuwepo. Mkebe ule ukiungua, Lottie hatamwona tena Gus akitembea.

Alimkimbilia mwongozaji, Bwana Thornquist, mtu aliyevaa buti za kupandia farasi ilhali farasi walimpigisha chafya.

"Bwana, nakuomba mkebe mmoja tu. Ni wa mume wangu."

"Mama, hapa tunatengeneza sanaa. Mumeo alikuwa anaanguka tu."

"Unadhani kuanguka ni rahisi?"

"Hata gunia la viazi huanguka! Rudi kwenye mstari. Nikisema lia, ulie."

Moto ukalipuka, mweupe, wenye hasira. Wenzake walitoa machozi ya vitunguu. Lottie hakuhitaji kitunguu. Aliomboleza kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua.

"Simamisha!" Thornquist alifoka. "Wewe wa shali la kijivu! Unatuharibia kwa maigizo yako. Aliyefiwa halii hivyo!"

Lottie alifuta kamasi kwa shali, akamkazia macho.

"Nisamehe, bwana. Hebu nionyeshe aliyefiwa analiaje."

Thornquist hakuwahi kukataa kutazamwa. Alishika kifua, akainua macho mbinguni, akarudi kinyumenyume akiyumba kwa huzuni kuu, hatua baada ya hatua, mpaka hori la maji ya kuzimia moto likampiga nyuma ya magoti. Akazama, buti zikabaki juu.

Warumi wote walicheka mpaka wakakaa chini.

"Ovyo," Lottie alisema. "Gus angeibuka na kofia kichwani." Akamgeukia mpiga picha. "Umeipata?"

"Ningeipataje, mama? Alisema nisimamishe."

Thornquist alitoka horini akichuruzika. Nyuma yake Roma ilikuwa imekwisha kuungua. Filamu huwaka upesi, haimngoji msanii.

"Washeni tena!" alipiga kelele. "Leteni mikebe mingine!"

Wafanyakazi walimwonyesha ghala tupu. Lottie ndiye aliyemjibu, akivua shali lake la kijivu na kulitupa miguuni pa mwongozaji.

"Hakuna mingine, bwana. Kichekesho cha mwisho kilikuwa chako, na hicho nacho kimepotea."