Figa Lililotoka Juu

Kitu cha kwanza alichokiona Tupokigwe ni nyuzi. Nyuzi nyeusi, nyembamba kama unywele, zilipita ndani ya jiwe la kijivu pale lilipovunjika, zikatawanyika kama mizizi ya mchicha. Nje jiwe lilikuwa na ngozi nyeusi, kama chungu kilichoungua. Alitamani kumwambia mtu. Lakini Tupokigwe, aliyeacha shule darasa la tatu, hata kuku aliwafukuza kwa kunong'ona.

Jiwe hilo lilianguka kutoka angani Jumatano moja mchana, mwaka 1954, kwenye shamba lao la viazi juu ya Uyole, kwa mngurumo uliowatia mbuzi wazimu. Baba yake, Mzee Saulo, alikuwa mnadani. Jioni alikuta vipande viwili, na Jumapili akasimama kanisani.

"Mwamba umepasuka wenyewe shambani kwangu, kama siku ile ya Golgotha!"

Waumini walilia. Tangu hapo akawa mtu wa kusalimiwa kwa mikono miwili.

Kipande kimoja alikifunga kwenye shuka safi. Cha pili mkewe, Yudith, alikitazama, akalitazama jiko lake lenye mafiga mawili na tofali, akakichukua bila kuuliza.

Mwezi uliofuata akaja Mzungu wa madini kutoka mjini, na karani wake Liberatus wa kumtafsiria. Nusu ya kijiji iliwafuata. Mzungu alipiga magoti, akazitazama nyuzi za kipande cha kwenye shuka kwa kioo cha kukuzia, akatabasamu. Kisha akasikia harufu ya maharage. Akaiona sufuria, na chini ya sufuria, nusu ya pili.

Tabasamu likaisha.

"Anasema," Liberatus akaeleza, "mafiga hupasuka kwa moto. Huenda jiwe zima lilikuwa jikoni, likapasuka, na nyuzi hizi ni masizi yaliyopenya kwenye nyufa. Yaani mmetuita kutazama figa."

Jirani yao Filemoni alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee wa kanisa katuhubiria jiko!"

"Lilipasuka shambani!" Saulo alifoka.

"Ulikuwepo?" Liberatus akauliza.

"Nilikuwa... mnadani."

Watu wakaangua kicheko.

"Na wewe mama?" Liberatus akamgeukia Yudith.

"Mimi nilipata figa," alisema Yudith. "Sikuliuliza habari za safari."

Liberatus akamsikiliza tena Mzungu. "Anasema, kama lilivunjika kabla ya kuingia motoni, hiyo ni habari nyingine. Huko juu angani mawe hugongana. Likigongwa kwa nguvu sana, jiwe huyeyuka kwa ndani, mistari myembamba tu, likapoa kabla halijayeyuka lote. Nyuzi huwa ndizo hizo. Lakini nani aliliona limevunjika kabla ya jikoni?"

"Hugongana?" Yudith aliguna. "Kumbe hata huko wanaendesha kama malori ya Uyole."

Saulo alivua kofia, akaikunjakunja mikononi kama mtoto aliyekosa. Tupokigwe hakuwahi kumwona hivyo. Akajikuta ametoka nyuma ya mama yake.

"Mimi."

Watu wakatafuta sauti imetoka wapi.

"Nyuzi zilikuwemo siku ileile, Bwana, kabla moto haujaliona. Baba, halikupasuka lenyewe. Nililipiga mimi, kwa nyundo yako, mara kumi na moja. Nilidhani lina dhahabu, kama ya machimbo ya Makongolosi. Ningekuambia, baba, lakini nilipopata ujasiri, ulikuwa umeshahubiri."