Sababu ya Kuacha Kazi ya Awali

...na hapa ndipo kalamu inapogoma kila mara katika barua hii ya kuomba kazi, baada ya jina langu, Kasuba Mwenya, na miaka kumi na mmoja ya kuchomelea vyuma hapa Kitwe, hapa ambapo Lombe anasema, "Dada, waeleze kwa nini uliondoka, ila kwa upole, andika ulitaka kujiendeleza," mdogo wangu huyu mwalimu, ameketi ng'ambo ya meza anabambua karanga za mboga, kujiendeleza, nami nilitaka afe, nilipookota kile kipande cha bomba sikutaka kumtisha ba Sinkala, nyapara wetu, hata sasa namwita ba kwa heshima, nililenga kichwa, akakwepa, nikapata taya, likalia ka, akapiga magoti anatema meno kwenye vumbi la chuma, nikampiga begani, nikainua mara ya tatu, wanaume watatu wakaning'inia mkononi mwangu, na damu yake ilikuwa ya moto shingoni mwangu na nilifurahi, nilifurahi kama mtu mwenye kiu aliyepewa maji, hilo litaandikwaje kwa upole... "Umefika wapi?" "Naandika." "Soma nisikie." "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, naelewana vizuri na wenzangu..." Lombe anacheka mpaka karanga zinamponyoka, "Unaelewana vizuri! Muulize nyapara wako, kama siku hizi anaweza kutafuna!" nami nacheka, halafu sicheki, na yeye anafuta machozi, anasema barua nzuri haijazi sifa, inatoa mfano mmoja, kitu ulichofanya, siku gani, nani alikuwepo, wao wenyewe wajionee wewe ni mtu gani... mfano, haya, Alhamisi, tangi la petroli la lori, Mwape Chanda ana miezi miwili kazini, ba Sinkala anamwambia, "Ingia, limeoshwa," Mwape anaingia na mashine yake, anapiga cheche ya kwanza, na sauti ile, sikuisikia kwa masikio, niliisikia tumboni, kisha Mwape akatoka, alitoka akitembea kwa miguu yake, hilo ndilo baya, mikono ameinyoosha mbele na ngozi inaning'inia vidoleni kama glavu za mtu mwingine, anasema, "Nizimeni, ba Kasuba, nizimeni," na moto ulishazimika, hakukuwa na cha kuzima, na ba Sinkala amesimama juu yake anasema, "Mzembe huyu, nani alimwambia awashe?" ndipo bomba likawa mkononi mwangu, Mwape alikufa Jumapili, mimi nikiwa rumande, nikala miezi minane gerezani, na wote, polisi, hakimu, Lombe mwenyewe, wanasema ni hasira, Kasuba ana hasira... "Andika basi jinsi ulivyojirekebisha," anasema, "mahali penyewe wanataka mkaguzi wa usalama, anayepima matangi kabla watu hawajaingia, watataka mtu mtulivu," mtulivu, lakini nilikuwa mtulivu, Lombe, mungu wangu, asubuhi ile nilikuwa mtulivu kuliko wote, nilishika taa mdomoni mwa tangi na pua yangu ikanusa petroli, pua hii haikosei, nikamtazama ba Sinkala naye akanitazama, "Una la kusema, mama?" na wiki moja kabla alimfukuza mtu kwa kuuliza swali, nikasema, "Hapana, bosi," nikampisha Mwape apite, nikamshikia mlango wa kifo chake kwa adabu, na lile bomba, kumbe nililiinua kwa nguvu za neno nililolimeza, taya lilikuwa la ba Sinkala lakini mdomo niliotaka kuuvunja ulikuwa wangu... "Mbona umekata mistari yote?" Nimekata mchapakazi, nimekata mwaminifu, neno kujiendeleza nimelitoboa hadi karatasi imechanika, nachukua karatasi nyingine, naandika, Alhamisi moja nilinusa petroli ndani ya tangi nikamwambia bosi wangu sina la kusema, Mwape Chanda akaungua akafa, kisha nikamvunja bosi huyo taya nikafungwa, na katika hayo mawili ni la kwanza linaloninyima usingizi, "Soma basi nisikie," anasema Lombe, mkono bado umo kwenye bakuli la karanga, "Ngoja," nasema, umebaki mstari mmoja, nipeni kazi hii nami nitasema hapana mbele ya bosi yeyote, mapema, mikono ikiwa mitupu.