Kahawa ya Posa ya Erdal

Erdal hakuwa na baba, kwa hiyo mimi jirani yake ndiye niliyekwenda kumposea. Nimezunguka sana kabla ya kutulia hapa Adana, Uturuki, na waongo nimewaona wa kila namna, lakini Erdal hakudanganya ili apate kitu. Ukimuuliza amekula nini, kama ni maharage atasema kuku. Daktari wake alinieleza kwamba ni tatizo la haiba, lililojijenga tangu utotoni. Si wote wenye tatizo hilo hudanganya, ila huyu anaamini mtu akimjua alivyo atamwacha, basi uongo humtoka kabla hajafikiri.

"Msimbane ukutani," daktari alisema. "Mpeni nafasi ya kurudi kusahihisha."

Nermin, binti aliyempenda, aliyajua yote hayo. Asubuhi ya posa alinijia mbio.

"Mjomba, leo namtilia chumvi kwenye kahawa."

"Mtilie. Hata mimi nilitiliwa."

"Lakini baba anaamini Erdal ni injinia. Erdal mwenyewe ndiye aliyemdanganya. Asipojisahihisha leo, mbele ya baba, sivai pete. Na usimwambie!"

Nikafunga mdomo. Tukaenda na maua na boksi la chokoleti, Erdal ndani ya suti mpya, jasho linamtiririka. Mzee Rüstem, baba wa binti, mstaafu wa reli, akatukaribisha kwa sauti ya kutangaza treni. Shangazi Bedia alishakaa karibu na mlango wa jikoni ili asipitwe na kitu.

Nermin akaleta trei. Desturi ni mposaji anywe chumvi yote bila kukunja uso, aonekane mvumilivu. Erdal akapiga funda. Macho yakamtoka.

"Ehe, mkwe, kahawa ikoje?" Bedia akauliza, mabega yanamtetema kwa kicheko.

"Tamu sana, shangazi. Nimekunywa kahawa nyingi kule Italia, lakini hii..."

Nermin akainamia zulia. Erdal akamtazama, akaweka kikombe chini.

"Hapana. Ngoja nirudi nyuma. Ina chumvi mpaka ulimi umekufa. Na Italia sijafika."

"Weee!" Bedia akaruka. "Ndiyo maneno ya mposaji hayo?"

"Mwache amalize, shangazi," Nermin akasema.

"Wala mimi si injinia, baba." Sasa alikuwa kama mtu anayeteremka mlima mbio, hawezi kusimama. "Natengeneza mashine za kufulia. Niliogopa ukijua utanifukuza."

"Wewe! Siku ile saa nzima ulinieleza daraja ulilojenga!"

"Hakuna daraja, baba."

"Na mimi nimewatangazia wastaafu wote!"

Nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa macho. Mara tumbo la mzee likaanza kutikisika.

"Miaka thelathini," akasema huku anafuta machozi ya kicheko, "nimewaambia abiria treni inafika sasa hivi, na najua bado haijatoka Konya. Sikumrudia hata mmoja kumwomba radhi. Mwanangu, ile mashine yetu inarukaruka kama mbuzi. Unaiweza?"

Sisemi Erdal alipona siku ile. Lakini maneno ya posa ilibidi niyasemee jikoni, nimeshika tochi, bwana harusi kalala sakafuni nyuma ya mashine, Nermin kachuchumaa naye, kidole cha pete tayari amekinyoosha.

"Kwa amri ya Mungu, tunamwomba binti yenu..."

"Nimetoa, nimetoa!" Rüstem akapaza sauti. "Wewe shika tochi vizuri, haoni!"