Marehemu Bibi Basilisa

Mwaka wa pili baada ya Wamarekani kuichukua Ufilipino kutoka kwa Wahispania, gavana wao wa kijeshi mkoani kwetu, Kanali Pruitt, alituletea barua yenye mihuri miwili. Alisema kengele ya kanisa letu inawapa ishara waasi walioko milimani, kwa hiyo isipigwe tena ila kwa mazishi.

Don Eulogio, mkuu wa mji, alijibu kwa unyenyekevu kwamba sikukuu ya Mtakatifu Roko imekaribia na haijawahi kupita bila kengele. Jibu likarudi fupi: mazishi tu, na jina la marehemu lipelekwe kwa gavana kwa maandishi.

Wakubwa wa mji walikutana kwa Don Eulogio wamenuna. Mmoja aliuliza kama kuna mgonjwa mahututi. Hakuna, mwaka huo watu walikuwa na afya ya kuudhi. Ndipo Bibi Basilisa, mjane aliyekuwa akipita na vitumbua vyake, akatua kikapu.

"Niandikeni mimi," akasema.

"Bibi, hilo si jambo la mzaha," akasema Don Eulogio.

"Nani anatania? Mwanangu, kengele ya mazishi yangu nitaisikia lini kama si sasa? Na mpige vizuri, msinizike kama kuku."

Basi barua ikaenda, na siku ya sikukuu kengele ikalia asubuhi nzima. Tulicheza. Nguruwe walikuwa bado motoni Kanali Pruitt alipotokea juu ya farasi, shada la maua mkononi. Barua ya Don Eulogio ilikuwa imemgusa mno. Kupitia mkalimani akauliza wafiwa ni akina nani. Bibi Basilisa akayapokea maua, akayanusa.

"Mwambie marehemu anashukuru," akamwambia mkalimani. "Na mwulize kama anakula ngozi ya nguruwe."

Kanali akamtazama Bibi, halafu nguruwe, kwa muda tuliouona mrefu kuliko Kwaresima. Kisha akashuka, akala. Akaongezwa, akala tena.

Haukupita muda ikaja barua nyingine. Kengele iliruhusiwa siku za sikukuu. Kuhusu Basilisa, gavana alisikitika kwamba jina lake limekwisha kufutwa, na kufufua watu hakumo katika mamlaka yake; tuandike Manila. Bibi akamkataza Don Eulogio kugusa kalamu. Marehemu halipi kodi wala haitwi kutengeneza barabara, akasema, kisha akajitwisha kikapu akaenda zake sokoni.